Maziwa Yaliyo Juu ya Mlima Kenya

Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa jioni, na kupigwa chapa kwa ombi la Halmashauri



Bwana Katibu ameniomba niseme nanyi jioni hii juu ya safari ya miguu ya kwenda kwenye maziwa yaliyo juu ya Mlima Kenya, kwa kuwa wanachama kumi na mmoja wamekwisha kuandikisha majina yao wapate kwenda huko katika livu ya Januari. Nalikubali, walakini si kwa furaha yote. Wengi wenu mwajua kuwa nimekwenda huko mara mbili. Safari ya pili nimeisimulia sana, hata watoto wangu wameichoka. Ya kwanza sijapata kuisimulia mbele ya watu. Leo nitaisimulia, maana naona ni afadhali nione haya mbele yenu kuliko ninyi kwenda mahali pale hali hamkuambiwa neno.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Mlima Kenya una vilele vingi, na vitatu ndivyo vitajwavyo sana: Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, na Lenana, mita 4,985. Viwili vya kwanza ni vya watu wajuao kazi ya kamba na miamba; cha tatu mtu hukifikia kwa miguu yake, akiwa na afya na subira. Serikali iliufanya mlima huo kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1949, na mwaka 1997 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu waendao huko aghalabu huenda kwa ajili ya vilele hivyo, wapate kupigwa picha. Wakisha kushuka hawakumbuki walipita wapi. Mimi sina habari ya vilele jioni hii. Habari yangu ni ya maji.

Zamani za kale mlima ule ulifunikwa na barafu nyingi kuliko hii ya leo, nayo iliteremka mbali mabondeni. Barafu nyingi namna ile haikai tuli. Huteremka polepole sana kama uji mzito, ikikwangua mwamba na kuchukua mawe makubwa na madogo. Ilipoyeyuka, iliacha mashimo iliyoyachimba, na vifusi vya mawe ambavyo mahali pengine huzuia maji kama boma. Hiyo ndiyo asili ya viziwa vingi vya mlima huo. Vingine ni vidogo hata mtu aweza kurusha jiwe likavuka. Vingine ni vikubwa kustahili jina la ziwa. Nitakavyovieleza mimi viko upande wa mashariki, katika njia ya Chogoria: Ziwa Ellis, viziwa vya Hall, na chini yake katika korongo kubwa, Ziwa Michaelson, ambalo Mto Nithi hulipitia. Mto huo huishia katika Tana. Na Tana, kama wajuavyo wenzangu wa pwani, huingia baharini karibu na Kipini. Mimi ni mtu wa Lamu. Nimeyaona maji ya Tana tangu utotoni, yakiwa mekundu kwa udongo, wala sikupata kujiuliza yatoka wapi.

Basi, safari ya kwanza. Tulikuwa wanne wa ofisi moja, ambayo sitaitaja: karani wetu mkubwa, mhasibu, mimi, na kijana aliyeajiriwa karibuni, aliyekuwa bado katika miezi yake ya majaribio. Mwajua maana yake hayo. Ripoti yake ya mwisho ilikuwa juu ya meza ya karani mkubwa, haijatiwa sahihi. Yule kijana hakuwa na hamu ya milima hata kidogo, alikuja kwa sababu mkubwa wake alimwambia, “Wewe una miguu ya ujana, twende.” Nani angekataa?

Tulichukua kiongozi, Mmeru wa makamo, na wapagazi watano. Gari lilitupandisha kutoka Chogoria katika msitu, tukapita mianzi na mavi mabichi ya tembo barabarani, mpaka vibanda vilivyo karibu na lango la Hifadhi, yapata mita 3,000 juu ya bahari. Tulipofika, kiongozi akasema, “Mabwana, leo tulale hapa, na kesho tulale hapa hapa. Keshokutwa tutakwenda Ziwa Ellis, tulale. Siku itakayofuata ndiyo tutapanda kwenye viziwa vya Hall.” Karani mkubwa akafungua daftari lake, akahesabu, akasema, “Livu yetu ni siku saba, nazo mbili zimekwisha kwa magari. Kesho tutakwenda moja kwa moja mpaka viziwa vya Hall.” Kiongozi akasema tena neno lake mara moja, kwa adabu, kisha akanyamaza. Sisi tuliosalia hatukusema lo lote. Tulikuwa na desturi ya kutosema.

Viziwa vya Hall viko yapata mita 4,300. Kwa hiyo siku ile moja tulipanda mita 1,300, na wengine wetu wiki ile ile walikuwa wameamka Mombasa. Hewa ya kule juu ni nyepesi. Kila pumzi umvutayo mtu humpa kiasi cha sehemu sita katika kumi ya ile aipatayo ufukweni. Mwili waweza kuzoea hali hiyo, lakini hutaka siku, kama vile karani mgeni atakavyo siku kuyajua majalada. Madaktari hushauri kuwa mtu akisha kupita mita 3,000, asipande kila siku zaidi ya mita 300 hata 500 kati ya malazi ya jana na malazi ya leo. Sisi tulipanda kazi ya siku tatu kwa siku moja, tukajisifu.

Njia ile ni nzuri, nikiri. Ukitoka mwisho wa barabara ya gari unakwea mgongo mrefu wa mlima, majani makavu pande zote, na upande mmoja korongo limefunguka chini yako. Nalikuwa nyuma na yule kijana. Yapata saa saba mchana niliona kuwa kila mara husimama, akainama kufunga kamba za kiatu. Na kilikuwa kiatu kile kile, nazo kamba hazikufunguka. Mara ya tano au ya sita akaniambia kwa sauti ndogo, “Kaka, una vidonge vya kichwa? Tafadhali usimwambie Mkubwa.” Nikampa viwili, nikamwahidi. Hilo ndilo neno nililolificha miaka hii yote. Nalijua tangu saa saba mchana.

Tulipofika kambini karani mkubwa alituuliza, “Wote wazima?” Kijana akajibu, “Mzima kabisa, Bwana.” Nikamwona akimwaga chakula chake nyuma ya jiwe, pimbi wakaja kukila. Nikajiambia kuwa ni uchovu. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

Tukalala, mimi na yeye hema moja. Baridi ilikuwa kali hata maji ya chupa yaligeuka barafu. Saa tano usiku akaanza kukohoa. Saa sita hakuweza kulala chali tena, akaketi amekumbatia magoti. Kifuani mwake mlikuwa na sauti kama ya mtungi unaotiwa maji. Nalikuwa macho muda huo wote, nikisikia. Nikawaza ahadi yangu. Nikawaza kumwamsha mkubwa usiku wa manane kwa jambo ambalo pengine si kitu. Nikawaza ripoti iliyo mezani. Nikamwita kiongozi saa nane. Tangu saa tano hata saa nane ni saa tatu, mabwana, nami nazihesabu mpaka leo.

Kiongozi akaja na tochi. Akaweka sikio mgongoni mwake, akatazama midomo yake, akatazama kucha, nazo zilikuwa kama zimetiwa wino. Hakuuliza swali. Akasema, “Tunashuka sasa hivi.” Karani mkubwa akatoka hemani amejifunika blanketi, akasema kuwa giza ni jingi na njia ni mawe, afadhali tungoje kupambazuke. Kiongozi akamjibu bila kupaza sauti, “Bwana, kukipambazuka nitakuwa nashusha maiti.”

Karani mkubwa alisimama kitambo. Kisha akavua koti lake zito, akamvika yule kijana, akachukua tochi, akatangulia mbele kumulika.

Wapagazi walimbeba mgongoni kwa zamu, wamemfunga kwa shuka, kwa kuwa mgonjwa wa namna ile haifai atembee. Kila hatua humzidishia. Mmoja wao alikuwa amevaa sweta moja tu lililotoboka viwiko. Mimi nalichukua shanta mbili. Tulishuka karibu mita 1,000 usiku ule, na sikumbuki sana njia, illa mianga ya tochi na sauti ya ile pumzi mbele yangu. Nalikuwa nikiisikiliza isikome. Tulipoanza kuikaribia barabara ilianza kupungua ukali. Kulipokucha tulikuwa mwisho wa njia ya gari, na kijana akaomba chai. Mhasibu, mtu mzima mwenye wajukuu, akageuka upande akalia.

Hospitali walisema kuwa maji yalikuwa yameingia katika mapafu kwa sababu ya kupanda upesi, na kuwa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo ni kushuka. Ya pili ni hewa ya oksijeni. Alilazwa siku chache, akapona. Ripoti yake ilitiwa sahihi wiki iliyofuata. Siku moja, mlango umefungwa, karani mkubwa akaniuliza, “Wewe ulijua?” Nikasema, “Nalijua tangu saa saba mchana.” Akakaa kimya, akasema, “Mimi niliona tangu kule penye mawe mekundu, saa tano asubuhi. Nikajifanya sikuona.” Hatukulitaja tena hata alipostaafu.

Nimetafuta sana kujua kwa nini tulifanya hivyo, watu wanne wenye akili zao. Sidhani kuwa ni ubaya wa moyo. Nadhani tulichukua ofisi tukapanda nayo. Ofisini mdogo akiumwa na kichwa humaliza kazi kwanza. Karani asemaye kila mara kuwa hawezi huandikwa jina baya. Na mkubwa abadiliye amri aliyokwisha kuitoa huonekana hana msimamo. Mambo hayo pengine yana faida mahali pake, sitayabishia hapa. Lakini kule juu mgonjwa akinyamaza hali yake huzidi kwa saa, si kwa siku.

Kuna habari ya Waitalia watatu nitakayoitaja hapa. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, Balletto na Barsotti, waliokuwa wafungwa wa vita kule Nanyuki, walitoroka kambini kwa kusudi la kupanda Mlima Kenya, na vifaa walivyojitengenezea kwa siri. Chakula chao kilikuwa haba na njia hawakuijua. Walakini Barsotti alipougua, hawakumficha wala hawakumkokota. Alibaki kambini kwao chini, na wale wawili wakafika Lenana, kisha wote wakarudi kujitia mikononi mwa walinzi wao. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha peke yao, wakatumikia 7. Watu waliokuwa na sababu zote za kuharakisha walipata nafasi ya mgonjwa; sisi tuliokuwa na livu ya siku saba hatukuipata.

Sasa safari ya pili, miaka miwili baadaye. Tulikuwa watatu: mhasibu, mimi, na yule kijana mwenyewe, aliyekuja mezani kwangu siku moja akasema, “Kaka, lile ziwa sikuliona.” Tulimtafuta kiongozi yule yule. Akatupa sharti moja. Kila jioni, kabla ya chakula, atamuuliza kila mtu hali yake mbele ya wote, kichwa, tumbo, usingizi na mkojo, akianza na mdogo kuliko wote na kumaliza na mkubwa, ili mdogo asiwe na jibu la mkubwa la kufuatia. Mhasibu, aliyekuwa mkubwa wetu, alicheka kwanza. Jioni ya tatu ndiye aliyesema kuwa kichwa kinamwuma, naye akasema kwa kuwa wapagazi wawili vijana walikuwa wamekwisha kusema kabla yake. Tukakaa siku moja zaidi pale pale, kikamwacha.

Tulilala siku mbili vibandani, siku mbili Ziwa Ellis, ndipo tukapanda. Mchana wa siku tuliyofika viziwa vya Hall, kiongozi alituchukua mpaka ukingoni mwa jabali waliitalo Temple, akatuamuru tulale kifudifudi, maana upepo wa pale hauna adabu. Tukatambaa, tukachungulia.

Ziwa Michaelson liko chini yako yapata mita 300, chini wima, kama kitu kilichodondoshwa. Tulipolitazama wingu lilikuwa limelifunika nusu. Nusu iliyo wazi ilikuwa ya kijani iliyokaribia weusi. Kisha jua likapenya, na ile rangi ikafunguka pole pole tangu kando mpaka katikati. Hakuna aliyesema. Yule kijana alikuwa ameweka kidevu juu ya mwamba, akivuta pumzi polepole, nami bila kukusudia nikawa nazisikiliza pumzi zake. Zilikuwa safi.

Kesho yake tukateremka mpaka maji yenyewe, njia ya mawe yanayoteleza, tukapiga hema ufukoni. Pande zote ni majabali, na chini yake imesimama mimea ambayo mtu wa pwani hawezi kuiamini: senesio, zilizo ndefu kuliko mtu, shina lao limevikwa majani yake makavu kama mzee aliyejifunga mablanketi, na lobelia, ambazo jua likichwa hukunja majani yake kufunika kitovu chake. Katika vikombe vya majani ya namna moja ya lobelia mna maji. Asubuhi nalitia kidole katika kimoja: juu barafu nyembamba kama kioo cha saa, chini yake maji. Barafu ile ndiyo inayokilinda kitovu kisigande. Mchana huja ndege aina ya chozi, wa kijani king'aacho, kunyonya maua yake katika baridi ile. Maharagwe yetu hayakuiva siku zote mbili, kwa kuwa kule maji huchemka yakiwa bado na joto la nyuzi 86 hivi. Chukueni dengu na mchele, na msimsikilize atakayewaambia habari za nyama ya kuchemsha.

Nalikaa asubuhi moja mahali Nithi utokapo ziwani. Maji yale ni meupe hata huyaoni mpaka yatikisike. Nikateka kwa kiganja, nikanywa, meno yakauma. Nikawaza Kipini na ile rangi nyekundu. Kijana akaja akanawa uso, akapiga ukelele kwa baridi, na jabali likamrudishia sauti yake.

Kiongozi alituambia kuwa tangu ujana wake barafu za juu zimepungua mbele ya macho yake. Hilo limepimwa pia: barafu kubwa kuliko zote mlimani, iitwayo Lewis, ilipoteza yapata sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya mwaka 1934 na mwaka 2010. Na nyasi za miinuko zimeungua vibaya zaidi ya mara moja, kama mwaka 2012 na mwaka 2019. Kwa hiyo hatutawasha moto wa kuni hata mmoja. Tutapika kwa jiko la gesi.

Haya basi, ninyi kumi na mmoja. Safari itakuwa ya siku tisa, wala si saba; asiyeweza kupata siku tisa na afute jina lake, hatamkosea mtu. Mwenye maradhi ya moyo au kifua amwone daktari kwanza, naye daktari huyo atawaambia pia habari ya vidonge vya asetazolamidi, ambavyo huwasaidia wengine lakini si ruhusa ya kupanda upesi. Katika orodha ya wasafiri majina yamepangwa kwa vyeo. Nimemwomba Bwana Katibu aipige chapa upya kwa umri, tangu mdogo, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kuuliza hali jioni.

Liko jambo moja lililosalia, nalo ni la fedha. Katika hesabu iliyobandikwa ukutani nimeona mifuko ya kulalia kumi na mmoja, na wasafiri, pamoja na kiongozi na wapagazi, watakuwa ishirini na watatu. Mwanachama mmoja aliniambia kuwa wapagazi wamezoea. Nami naliwaona wamezoea, usiku ule, katika sweta lililotoboka viwiko. Naomba mkutano uamue leo, kabla chai haijaletwa, kuwa hazina ya chama itaazima mifuko kumi na miwili mingine na makoti yake. Mizigo itapimwa Jumamosi saa nane, ukumbini hapa, kilo 18 kwa kila mpagazi na isizidi. Mizani ataileta Bwana Mweka Hazina.